Duara Kwenye Kiini cha Yai

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani huko Kilifi, huwajibu kwamba napika mayai. Ni mzaha, lakini uongo haumo. Kila wiki hupasua mayai ya kienyeji, nikatenga ute, nikakoroga kiini ndani ya jeli ya moto, kisha nikaimimina kwenye visahani vya plastiki na kungoja igande. Ikiganda hutoka ya manjano yenye ukungu, na asiyejua angedhani ni kitamutamu kilichoharibika. Hapo huitoboa vishimo, na ndani ya kila kishimo nikatia tone la sumu ya nyoka. Wanaoniuliza wakifika hapo huacha kucheka.

Sumu tunayoishughulikia zaidi ni ya swila, yule fira anayetema mate hadi machoni mwa mtu. Si kitu kimoja, ni mchanganyiko. Kimojawapo ni protini ndogo ambayo nyoka huitoa kwenye tezi za kichwani mwake, na kazi yake ni kukata mafuta. Miili yetu imejengwa kwa chembe ndogo ndogo, na kila chembe imevishwa ngozi nyembamba ya mafuta. Protini hiyo ikiifikia ngozi huichana, na nyama huanza kufa pale pale ilipoumwa. Kiini cha yai nacho kina mafuta ya namna hiyo. Basi ukitia sumu kwenye kishimo na kuacha sahani mahali pa joto, asubuhi utakuta imekula kiini kilichoizunguka na kuacha duara linalong'aa, unaweza kuona meza kupitia humo.

Sisi twatafuta kemikali ndogo inayoingia kinywani mwa protini hiyo na kukwama humo, ishindwe kukata. Ikifaulu, asubuhi hakuna duara. Kiini kimebaki na ukungu wake kama jana. Ni kazi ya ajabu, kwa sababu unashangilia kutoona kitu.

Kemikali zenyewe si ngeni. Baadhi zilitengenezwa kwa ajili ya maradhi mengine kabisa, zikashindwa huko, zikawekwa kabatini. Watu wakaja kuzitoa na kuzijaribu upya. Uzuri wake ni udogo wake. Ile dawa ya sindano inayotolewa hospitalini, ambayo hutokana na damu ya farasi, ina chembe kubwa zinazosafiri vizuri ndani ya damu lakini huchelewa kupenya nyama pale meno yalipoingia. Kemikali ndogo hupenya. Tena siku moja, Mungu akipenda, itakuwa kidonge ambacho mtu wa Vitengeni au wa mbali zaidi atakimeza nyumbani kwake kabla hajaanza safari ya hospitali. Siku moja. Maneno hayo mawili nimeyachukia, na mtafahamu kwa nini.

Mkuu wetu wa maabara ni Mhindi wa Malindi, mtoto wa duka la vitambaa, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Sote twamwita Daktari. Yeye ndiye aliyetaka mayai yote yatoke banda moja, kwa sababu kuku wanaokula chakula kimoja hutaga viini vinavyofanana na majibu yetu hayayumbi. Mimi nikasema nina shangazi huko Ganda, karibu na Malindi, anayefuga kuku. Ndivyo shangazi yangu alivyoingia kwenye sayansi.

Huyu ni dada wa baba yangu, na ndiye aliyenilea. Mumewe hufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Marereni na hurudi mwisho wa juma, midomo imekauka, hana maneno. Siku nyingine zote shangazi hubaki na kuku wake na makuti yake. Kushona makuti ndiko kulikonisomesha. Unaukunja ukuti juu ya ufito, unauvuta, unaushona kwa ung'ong'o, ule utepe wa jani, unashika mwingine, na vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada, ndivyo vinavyobana kila kitu kisilegee. Vyake vilikuwa vigumu, vimeota sugu, na vilikwenda bila kutazamwa. Aliweza kushona, kufukuza mbuzi wa jirani na kunigombeza kwa wakati mmoja. Mapaa ya hoteli kadhaa za Malindi yamepita mikononi mwake, ingawa hajawahi kulala chini ya hata moja.

Alipoambiwa kwamba mayai yake yanatakiwa maabara, alivimba kichwa, na sikumlaumu. Aliyapanga kwenye kikapu juu ya makumbi ya nazi, moja moja, na kumpa mtu wa kuaminika aniletee. Wanawake wenzake walipotaka kununua aliwaambia wangoje. "Kuku wangu siku hizi hawatagi mayai ya chai," alisema. Walimcheka, naye alipenda wamcheke.

Jumapili moja nilipokwenda kumwamkia, tulipotoka kanisani na kukaa barazani, alinyoosha mkono akitaka simu yangu.

"Hebu nionyeshe hayo mayai yangu wayafanyani."

Nilikuwa na picha ya sahani moja. Upande mmoja vishimo vilikuwa na maduara makubwa, upande wa pili havina. Aliitazama kwa muda, akaisogeza mbali na macho, akairudisha.

"Hapa sumu imekula yai," nikamwambia.

"Na hapa?"

"Hapa haikula. Tumeitilia dawa."

"Ikashiba?"

"Haikushiba, shangazi. Imefungwa mdomo."

Nikamweleza kirefu. Nilimchorea mchangani kwa kijiti, nikamwonyesha kinywa cha protini na kitu kidogo kinachokwama ndani yake. Nikamwambia hata machozi yetu yana ndugu wa protini hiyo, huko hutulinda na vijidudu vinavyotaka kuingia machoni.

"Kwa hivyo nikilia, nalia sumu ya swila?"

"Si ya swila. Yako mwenyewe."

"Mume wangu alilijua hilo zamani," akasema, akarudisha simu, akatikisa kichwa kwa adabu kama anavyomtikisia mhubiri mgeni. Nikadhani tumeelewana. Kwa upande wake naye alidhani hivyo hivyo.

Swila hupenda mabanda ya kuku. Hufuata mayai na vifaranga, tena hufuata panya wanaokuja kwa ajili ya chakula cha kuku. Kila mtu wa Ganda analijua hilo, na kila mfugaji ana kijiti chake cha kugonga ubavu wa tenga la kutagia kabla ya kutia mkono. Cha shangazi kilikuwa kimechomekwa kwenye makuti ya banda tangu nikiwa mtoto. Alasiri moja, majuma machache baadaye, alikuwa na ukuti mikononi, mtetea akalia kilio cha kutaga, naye akainuka kwenda kulichukua yai likingali na joto. Kijiti kikabaki pale pale kilipochomekwa.

Swila alimuuma kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, mkono wa kulia, akang'ang'ania kidogo kabla ya kumwachia na kupotea kwenye makumbi.

Haya nimeyasikia kwake mwenyewe, na kwa jirani yake, bibi mmoja mkongwe ambaye mtaa mzima humwita Hawe, yaani nyanya. Hawe alifika mbio, kwa mbio za umri wake, ameshika leso ili amfunge mkono kwa nguvu. Shangazi alimkatalia. Hilo nilikuwa nimemfundisha na amelishika: ukifunga, damu haipiti na nyama inakufa upesi zaidi. Hawe akataka kumchanja kwa wembe. Akamkatalia hilo pia. Hawe akasema basi aitwe mwenye boda, waende hospitali Malindi, si mbali.

Hapo shangazi alimwambia Hawe amletee bakuli na kile kikapu cha mayai yangu.

Aliyapasua kwa mkono wa kushoto. Akamwaga ute kama nilivyomwambia tunafanya, akavunja viini, akatumbukiza mkono wake ndani ya bakuli hadi kifundo. Hoja yake aliieleza baadaye, na ilikuwa hii. Sumu ya swila hula kiini cha yai. Kwenye picha ilikila, ikafika mahali ikakoma, haikumaliza sahani nzima. Maana yake ina kiasi chake, ikishakula huwa imeshiba. Basi ipewe yai, ilile, ishibe, imwachie kidole chake.

Nimeifikiria hoja hiyo mara nyingi na sijaweza kuicheka. Mjinga hafikirii, yeye alifikiria, na maumivu yale mwilini. Kosa lilikuwa moja tu, kwamba sumu ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya nyama na yai lilikuwa nje, na kati yao hapakuwa na njia. Ungezunguka pwani yote usimpate mtu mwingine wa kukosea namna hiyo. Alikosea kwa sababu aliniamini.

Wakakaa wawili wale wakilitazama bakuli. Mkono ukavimba hadi ukajaa. Maumivu yakapanda hadi kwapani, na shangazi, ambaye alizaa bila kupiga kelele, akaanza kunguruma kwa kinywa kilichofungwa. Hawe alimsihi mara kwa mara. Shangazi akamwambia asiharibu dawa ya mwanawe. Jua lilipoanza kuegemea minazini ndipo alipomwambia Hawe anibonyezee simu.

Mimi nilikuwa naanika nguo nyuma ya chumba changu Kilifi.

"Mwanangu, kiini hakibadiliki," alisema. Hakunisalimu, naye ni mtu wa salamu ndefu.

"Kiini gani, shangazi?"

"Cha kwenye bakuli. Bado kina ukungu. Hilo duara latoka baada ya muda gani?"

"Bakuli gani? Wafanya nini?"

"Nimetia mkono. Nataka kujua kama nitie yai jingine."

"Mkono una nini?"

"Swila," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nilimpigia kelele. Nilimpigia kelele shangazi yangu, ambaye mpaka leo namwamkia kwa kupiga goti. Nilimwambia atoe mkono, apande boda sasa hivi, nikamuuliza ana wazimu gani, nani amemwambia yai ni dawa. Majirani zangu walitoka nje kutazama. Nilipomaliza pumzi nikamsikia akisema, polepole, "Usinipigie kelele, mwanangu. Naumwa."

Sijasikia neno lililonikata maini kama hilo.

Hawe alimwita mwenye boda, naye akampakia shangazi katikati yake na Hawe, leso imemfunga kiunoni asianguke. Nami nikashika njia ya Malindi. Nilipofika wodini alikuwa amekwisha kuchomwa ile dawa ya farasi na kitu cha kutuliza maumivu. Muuguzi wa zamu, mama mpole mwenye mikono ya taratibu, alikuwa anamwosha yai lililomtiririkia na kumkaukia hadi kwenye kiwiko. Hakuuliza lolote kuhusu yai. Alibadilisha maji, akaendelea kuosha, nami nilimshukuru moyoni kwa kutouliza.

Kesho yake asubuhi shangazi alikuwa amepata nguvu ya kusema. Moyo wake ulikuwa unapiga vizuri, pumzi inatoka, na daktari wa wodi aliniambia kwamba hatakufa. Kilichobaki ni mkono. Kidole cha shahada kilikuwa kimebadilika rangi, ngozi imeinuka malengelenge, na weusi ulikuwa unaonekana kwa chini. Mimi najua weusi ule ni nini. Ndiyo ile kazi ya kukata mafuta, na safari hii sahani ilikuwa mkono ulionilea.

"Ile ya kwenye picha," akasema. "Inayofunga mdomo. Iko wapi?"

"Iko Kilifi, kwenye friza."

"Nenda ukailete."

"Si dawa ya watu, shangazi. Bado."

"Mgonjwa haulizwi uji. Wewe waniletea habari za bado." Aliuinua mkono uliofungwa bandeji, ukamshinda, akaurudisha juu ya mto. "Mwanangu, mimi sitaki kitu kingine. Nataka vidole vyangu. Nishonee nini bila hivi?"

Nikamwambia ngoja. Nikaenda Kilifi.

Kusema kweli nilikwenda nikiwa nimeamua kuichukua. Nilifungua friza, baridi ikanipiga usoni, nikakitoa kichupa. Ni kidogo, hakifiki urefu wa kifundo kimoja cha kidole, na kimiminika kilichomo hakitoshi kulowesha ulimi. Nilisimama nacho hadi ubaridi ukaniuma kiganjani. Daktari akaingia, akaniona, akaona kichupa. Habari za shangazi alikuwa amezipata kwangu jana yake kwa simu. Hakuuliza nafanya nini.

"Hiyo imeyeyushwa kwa kimiminika cha maabara," akasema. "Hakuna ajuaye akiimeza ini lake litafanya nini. Kipimo chake kwa mtu kama yeye hatukijui."

"Najua."

"Na kwenye visahani vyetu twaichanganya na sumu kwanza, ndipo tuitie kwenye yai. Kwake sumu imeshamaliza safari. Tena swila ana silaha nyingine ambazo hii haizigusi."

"Najua, Daktari. Mimi ndimi ninayezichanganya."

"Basi wajua yote."

"Angekuwa mama yako je?"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Ningefungua friza kama ulivyofungua," akasema. "Kisha ningeomba mtu aje anizuie."

Akanyoosha mkono. Nilimchukia kwa muda ule, nakiri, nikamchukia na elimu yake na adabu yake. Kisha nikampa kichupa, akakirudisha mahali pake, akafunga mlango wa friza kwa upole kana kwamba ndani kuna mtoto aliyelala. Nililia pale pale juu ya meza ya kazi. Yeye akasimama kando, hakunigusa, hakuondoka.

Alikwenda nami Malindi kumwambia mwenyewe. Hakutaka kunitwika mzigo huo peke yangu, na kwa hilo sitamsahau. Alibeba chupa ya chai ya maziwa aliyoipika mkewe, akasimama kando ya kitanda kama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akamweleza. Alisema kwamba yeye ndiye aliyekataa, si mimi. Alisema hawezi kumpa kitu ambacho hakijui, hata kama anakitumaini kuliko kitu chochote duniani. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho, macho kwenye dari.

"Mayai yangu yalikuwa mazuri?" akamuuliza.

"Mazuri sana, mama. Hatujapata mengine kama hayo."

"Basi yatosha," akasema, akageukia ukutani. Chai ilipoa, mwishowe aliinywa Hawe.

Kidole cha shahada kilikatwa chote, na nusu ya kile cha kati. Gumba lilibaki, lakini limekakamaa, halikunji. Madaktari wale walifanya kazi nzuri, na yote waliyoweza kuyaokoa waliyaokoa. Kama angefika mapema zaidi, huenda wangeokoa zaidi. Huenda isingekuwa hivyo. Hata ile kemikali yetu, sijui. Nimeulizwa na jamaa, nami nimejiuliza zaidi yao, na jibu langu ni hilo hilo la sijui, ingawa halimshibishi mtu.

Baada ya hapo kikapu hakikuja tena. Nilipokwenda Ganda alinipikia, alinitandikia, aliniuliza habari za kazi kwa adabu anayowapa wageni wa serikali. Hilo liliniuma kuliko matusi. Nilizoea shangazi anayenigombeza nikichelewa, anayeniita mvivu nikilala baada ya jua kuchomoza. Huyu alinikaribisha kiti. Mumewe aliniambia kando nivumilie, kwamba mkewe hana hasira, ana huzuni tu. Mimi nikajua ana hasira, na ana haki nayo. Alikuwa ameomba kitu kimoja maishani kwa mtoto aliyemsomesha, na mtoto huyo alikuwa na kitu chenyewe, akakirudisha frizani.

Maabara tulitumia mayai ya dukani. Maduara yakaja hovyo, leo makubwa, kesho madogo. Nilipasua mayai yale yenye viini vilivyopauka nikawa nayatukana kimoyomoyo, mayai ambayo hayana kosa.

Huko Ganda yeye alikuwa anajifunza. Hawe ndiye aliyeniletea habari. Alisema shangazi amekaa barazani na ukuti, anabana kwa gumba lile gumu na kidole cha pete, anashona kwa kushoto. Kuti la kwanza lililegea kama kikapu cha mtoto, akalifumua. La pili akalifumua. Hawe alimtania kwa ile methali ya kwamba aumwaye na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. "Mimi nitashtuka lini," shangazi akamjibu, "na nimeukalia huo ung'ong'o mchana kutwa?" Hawe alisema hapo ndipo alipojua kwamba atapona.

Kwenye mkutano wa kikundi chao cha wanawake alisimama bila kuombwa. Aliinua mkono wake juu, wote wauone, akawaambia yai ni la kula. Ukiumwa, usifunge, usichanje, usipake kitu, panda boda uende. Na kijiti kigongwe kila siku, hata kuku akipiga kelele namna gani. Kisha akaketi. Wanasema hakuna aliyecheka, na tangu hapo mabanda ya mtaa mzima yana vijiti vipya.

Halafu asubuhi moja mlinzi wa lango letu Kilifi akanipigia simu kwamba kuna mama amekuja na kikapu, na anasema hatampa mtu mwingine.

Alikuwa amevaa leso zake za kanisani. Mayai yalikuwa juu ya makumbi, yamepangwa moja moja, na sikuthubutu kufikiria ilimchukua muda gani kuyapanga. Nilimwamkia. Akaitika. "Umekonda," akasema kwa ukali. "Huli? Ama wala mayai ya dukani?" Nikakipokea kikapu kwa furaha, kwa sababu alikuwa amenigombeza.

Alitaka kuingia ndani aone. Daktari akaruhusu. Tulimvisha koti jeupe juu ya leso, na glavu. Ya kushoto iliingia sawa. Ya kulia ilikaa, lakini kidole cha shahada cha glavu kilibaki kitupu, kimelegea, kikicheza kila alipogeuza mkono. Nilikiona, naye aliona kwamba nimekiona. Nikataka kukikunja kwa ndani, akaniambia kiache.

Nilimwonyesha sahani za siku hiyo. Aliinama juu yake, akatazama maduara, akatazama mahali pasipo na duara, na safari hii hakuuliza kama imeshiba. Kisha akanyooka.

"Nataka kuiona yenyewe," akasema.

Nilimtazama Daktari. Akainamisha kichwa. Nikafungua friza, nikakitoa kichupa, nikakiweka kwenye mkono wake wa kulia. Alikishika kwa gumba lile lisilokunja na kidole cha pete, kama anavyobana ukuti siku hizi, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Ni hiki tu?"

"Ni hicho tu, shangazi."

"Mulungu wangu. Nilidhani ni kitu kikubwa." Akakigeuza. Ukungu wa baridi ulikuwa umeanza kuyeyuka juu ya glavu. "Nilikuchukia kwa ajili ya hiki."

"Najua."

Hakusema kwamba amenisamehe, wala mimi sikuomba. Alikitazama kidogo tena, akanirudishia kwa uangalifu, mkono wa kushoto umekinga chini ya wa kulia kisije kikaanguka.

"Kirudishe upesi kwenye baridi," akasema, "kisije kikaharibika kabla ya siku yake. Hawe naye ana kuku."